Kitamu cha Baba Mkwe

Ipinda, Kyela
Jumapili, 9 Juni 2024

Lugano wangu,

Nimezima simu. Usimpigie dada yako Kisa kumwuliza kama naumwa. Siumwi. Nimeizima kwa sababu nakujua: ukisema tu "mke wangu" kwa ile sauti yako ya mtu aliyetoka kulala, hasira zote zinaniyeyuka kama samli juani, na safari hii sitaki ziyeyuke. Nataka uzipokee nzima. Kwa hiyo nakuandikia, na barua nampa kondakta wa basi la Dar. Atakushushia hapo Morogoro, utaifuata stendi kama mtu anayefuata mzigo.

Kwanza nakupenda. Naliweka mwanzoni ili nisilazimike kulirudia katikati. Bado kila asubuhi nageuza pete kidoleni kuhakikisha sikuiota ile harusi. Bado nikikunja shati lako ulilosahau nalinusa kwanza kama mwehu. Mtu gani anaitwa Lugano, yaani upendo wenyewe, halafu anakuwa na macho kama yako? Haya, nimemaliza. Sasa sikia.

Maziwa hayakuganda.

Yale ya wageni wa Karonga, baba zako wadogo waliovuka mpaka kuja kumwona bibi harusi anagandisha mtindi wa aina gani. Nilifanya kila ulichosema kwenye simu. Nilikikosha kibuyu cha marehemu mama yako kwa maji ya moto, nikamwaga mbegu yote ya zamani, ule mtindi wa kugandishia, huku Kisa amesimama mlangoni ameshika mdomo.

"Wifi, mama hakuwahi kukipitisha maji ya moto hata siku moja."

"Kaka yako ndiye anayesomea bakteria chuo kikuu," nikamjibu. "Wewe unasomea nini?"

Nikajivuna, Lugano! Nikamimina mbegu yako ya chupa, wale bakteria uliowachuja kutoka kibuyu hicho hicho ukaniletea ndani ya barafu. Nikawapa kwanza kile kitamu, kijiko kimoja, kama ulivyoagiza. Nikaweka maziwa. Kesho yake nikafungua: maji. Maji ya buluu. Hayana ukali, hayana harufu, yamekaa tu yananitazama.

Baba yako mdogo yule mnene alionja, akafuta midomo, akasema, "Kumbe bibi harusi katuletea maji ya kunawia miguu." Wakacheka wote. Baba yako hakucheka.

Na mimi siwezi kusimama mbele yake nikajieleza, unalijua hilo. Akipita uani nageukia ukutani. Jina lake silitaji, wala neno lolote linalofanana na jina lake. Mama yako aliishi hivyo na babu yako, nami nilipokea desturi hiyo kwa moyo mkunjufu, niliiona nzuri, kama vazi la heshima. Lakini siku ile vazi lilinibana koo. Baba yako alikaa kwenye kiti chake akamwambia Kisa, kwa sauti ya kunifikia jikoni: "Mwambie mke wa kaka yako, kibuyu kile kilikuwa ndicho kitu pekee cha Hosiana kilichokuwa bado hai humu ndani. Ameshakiua. Mkono wake haufai kwa maziwa."

Mwambie ukweli, Lugano. Mwambie maji ya moto ni agizo lako na chupa ni yako. Mpigie leo.

Mkeo, mwenye hasira na mapenzi kwa kipimo kimoja,
Tusajigwe

*

Morogoro
13 Juni 2024

Tusa wangu,

Barua yako nimeisomea stendi, nimesimama, watu wananipiga vikumbo. Pole sana, mke wangu. Nakuona ukiwa jikoni unasikia maneno yale na mimi sipo, na nakosa raha.

Lakini umeniandikia kitu kinachonisumbua, na ili nikuulize vizuri lazima nikueleze kwanza ninachofanya hapa maabara.

Sukari ya maziwa ni mapacha walioshikana mikono. Bakteria akiiingiza ndani anawaachanisha. Pacha wa kwanza, glukosi, analiwa papo hapo. Wa pili, galaktosi, lazima apite kwenye mikono miwili. Mkono wa kwanza unampokea na kumbandika fosfeti, kama mzigo unavyobandikwa lebo pale mpakani Kasumulu. Mkono wa pili unampeleka mbele akatumike. Bakteria niliokutumia wana mkono wa kwanza mzima, ila wa pili ni dhaifu. Basi galaktosi iliyokwisha kubandikwa lebo inajazana katikati. Nje haiwezi kurudi, mbele haiwezi kwenda. Na ikijazana ni sumu. Bakteria anaacha kukua, anaacha kula hata ile glukosi, Tusa, huku anaogelea kwenye chakula. Ni jambo la ajabu kulitazama. Wiki nzima sijalala vizuri kwa furaha ya kuliona.

Ndiyo maana nilikuambia uwape sukari kwanza. Wakiwa na sukari rahisi hawana haja ya kufungua mlango wa ile ya maziwa. Wanaongezeka kwanza, wanakuwa jeshi, wanatia maziwa ukali kabla hawajasongwa.

Sasa wewe umeandika "kile kitamu". Kitamu gani? Uliwapa sukari au hukuwapa?

Kuhusu baba, nitazungumza naye nikipata nafasi nzuri. Nikimwambia sasa hivi atasema masomo yangu ndiyo yaliyoua kibuyu cha mama, na unajua alivyonipigania nisome. Nilijua bakteria hawa ni wazito kidogo, lakini nilitaka kuona watafanyaje kwenye maziwa ya nyumbani, si ya maabara. Vumilia kidogo. Washa simu.

Wako daima,
Lugano

*

Busale
Alhamisi, 20 Juni 2024

Lugano,

Sukari. Sukari. Sukari.

Umeona? Nimeliandika na hakuna aliyeniziba mdomo, kwa sababu siko tena Ipinda. Niko Busale kwa mama yangu, kwenye kitanda nilichokilalia nikiwa mwanafunzi wa kidato cha nne, na miguu sasa inaning'inia.

Unaniuliza kitamu gani. Mwana wa Mzee Sukari ananiuliza kitamu gani! Umekaa Morogoro mpaka umesahau jina la baba yako? Kwenye cheti cha ubatizo ni Ambwene, lakini nani Ipinda anamjua Ambwene? Miaka yote aliyokuwa analeta magunia ya sukari kutoka Malawi, watoto mpaka wachungaji wanamwita Mzee Sukari. Sasa anaumwa sukari vilevile, maradhi yamechukua jina lake. Na mimi mkwe wake siwezi kulitamka neno hilo humo ndani, hata chai ikiwa chungu kama shubiri. Ninasema "kitamu". Wewe ulikuwepo wiki yetu ya kwanza, ukanicheka, ukasema ninavyosema "nipe kile kitamu" unataka kunibusu. Ulinibusu! Halafu ukapanda basi ukasahau.

Basi nilimwambia Kisa, "Wifi, niletee kile kitamu." Na nyumba ile kitamu kina mwenyewe. Kisa aliniletea kopo la ule unga mweupe ambao baba yako anatia kwenye chai tangu hospitali walipomkataza sukari. Nilionja, nikaona ni tamu kweli. Nikawapa bakteria wako kijiko kizima cha utamu wa mgonjwa, usio na sukari ndani. Wamekula nini hapo? Hewa. Wakakimbilia maziwa, wakasongwa, wakafa na jina langu.

Nani aliyenipa agizo ambalo ndani yake mna neno nisiloruhusiwa kulitamka? Si mwanamke mgeni. Ni mtoto wa mwenye jina.

Jumamosi Kisa alikuja na kapu langu mkononi, macho mekundu. "Wifi, baba anasema urudi kwenu ukapumzike. Mkono upoe. Atakuita."

"Ataniita lini?"

"Hakusema."

"Kaka yako amempigia?"

Akatazama chini. Nikajua. Nilipanda pikipiki na kapu mapajani, na wanawake wa pale njia panda wakaniaga kwa heshima zote kama mtu anayekwenda kusalimia kwao. Hapa Busale habari zilikuwa zimeshafika kabla yangu. Wananiita bibi harusi wa maziwa maji.

Na wewe unaniandikia "vumilia". Unaniandikia "nilijua ni wazito kidogo". Ulijua! Ulinitumia chupa yenye ugonjwa, siku ya wageni, kwenye kibuyu cha mama yako, ili uone watafanyaje. Mimi nilidhani nimeolewa. Kumbe nilikuwa panya wako wa maabara, nimevaa kitenge cha harusi.

Nimeisoma ile habari ya galaktosi mpaka karatasi imelainika. Umeniandika mimi, Lugano, ila hukujua. Mkono wa kwanza umenipokea mlangoni, ukanibandika lebo: mke wa Lugano. Mkono wa pili uko Morogoro unafurahia. Kurudi kuwa binti wa Busale siwezi tena, na kwenda mbele sina wa kunipeleka. Nimejazana hapa katikati. Wewe umesema mwenyewe kinachojazana katikati kinakuwa nini.

Simu bado imezimwa.

Tusajigwe
(Ile "mkeo" utaipata ukimwambia baba yako.)

*

Morogoro
26 Juni 2024

Tusa, mke wangu, maana lebo hiyo siibandui,

Una haki ya kila neno. Ile ya panya imeniuma na inastahili kuniuma.

Nimempigia baba. Nimefanya hivyo, nataka ujue. Mkono wako nimeuondoa kabisa kwenye lawama. Nimemwambia kwamba huenda ng'ombe alikuwa amechomwa sindano ya dawa, na dawa ikiingia kwenye maziwa mbegu yoyote inakufa. Ni jambo linalotokea kweli, kwa hiyo si uongo mtupu. Kwa njia hiyo hakuna wa kulaumiwa humo ndani. Alisema, "Haya," akakata simu.

Nikuambie kingine, ingawa najua hutaki kusikia habari za maabara. Nimerudi kwenye picha nilizopiga mwanzo kabisa, nilipoleta tone la kibuyu cha mama huku. Hawakuwa aina moja. Walikuwa wawili. Yule wa pili anaila galaktosi bila shida, na ile glukosi rahisi anamwachia mwenzake. Wakiwa pamoja hakuna anayesongwa. Ndiyo maana mtindi wa mama haukukosea miaka yote. Mimi niliwatenganisha ili nimwone mmoja vizuri. Wa pili nilimwona hana maana, nikamtupa. Sasa sina, na kibuyu tumekikosha.

Ndani ya chupa zangu wapo wachache walioanza kukua tena. Nilipowachunguza nikakuta wameuvunja wenyewe ule mkono wa kwanza. Hawapokei galaktosi kabisa. Wamefunga mlango, wanaishi kwa shida, polepole, lakini wanaishi.

Usinifungie mlango, Tusa. Washa simu.

Lugano

*

Busale
Jumatatu, 1 Julai 2024

Lugano,

Ng'ombe?

Umemsingizia ng'ombe? Ng'ombe ambaye baba yako anamkamua mwenyewe, anayemwita kwa jina la marehemu mama yake? Unamwambia mzee yule amemchoma sindano akawapa wageni maziwa ya dawa? Ulikuwa na watu wawili wa kuwalaumu, mimi au wewe, ukatafuta wa tatu asiyeweza kusema. Na huyo wa tatu ukampata zizini kwa baba yako! Lo, mume wangu msomi! Nilicheka peke yangu mpaka mama akaja kunishika paji la uso, kisha nikalia, kisha nikakasirika upya, na hasira hii ya sasa ndiyo nzuri kuliko zote kwa sababu imepata kazi.

Nilimsomea mama kile kipande cha bakteria wawili. Unamjua mama Yunis, akisikiliza hufunga macho. Akasema, "Kwani mtindi waliotuletea siku ya posa ulitoka kibuyu kipi?"

Nikamwambia ulitoka kwa marehemu mama Hosiana.

"Basi," akasema, "mimi chungu changu tangu siku ile sijakikausha. Ule wenu ulikuwa mzuri kuliko wetu, nikabakiza wa mbegu. Unaokula hapa kila siku unadhani ni wa nani?"

Lugano, nimekaa kando ya chungu kile nikakitazama kama mtu aliyekutana na ndugu sokoni. Wako wote wawili humo. Tangu nimerudi nimekuwa nikiugandisha mimi, kwa mkono huu huu usiofaa, na unaganda mpaka kijiko kinasimama.

Usije mbio kuniambia la kufanya. Nimeshaamua. Namwandikia baba yako mwenyewe.

T.

*

Busale
Jumatatu, 1 Julai 2024

Kwa baba mkwe,

Shikamoo, baba.

Sijui kama kalamu nayo inapaswa kugeukia ukutani. Kama inapaswa, nisamehe, ya kwangu imegoma.

Uliagiza nirudi kwetu mkono upoe. Haujapoa, baba. Ukiwekwa karibu na majani makavu yatawaka. Nina hasira na mwanao, na nina hasira na wewe, na nakuandikia kwa heshima yote niliyofundishwa ili usiseme hasira hiyo ni utovu wa adabu.

Ng'ombe wako hana kosa. Maziwa yake ni safi, na nimeona aibu kusikia alivyosingiziwa. Maji ya moto yalikuwa agizo la Lugano. Chupa ilikuwa ya Lugano, na alijua kwamba ina udhaifu. Mbegu ile inasongwa na sukari ya maziwa kama mtu anayesongwa na tonge, mpaka ipewe kwanza sukari ya kawaida. Mimi nilitaka kuipa. Lakini katika nyumba yako neno hilo ni jina lako na silitamki, nikaomba kitamu, nikapewa kile cha chai yako. Kisa hana kosa. Alinipa nilichoomba. Kosa langu ni kutii watu wawili wasiosemezana: mwanao aliyetaka nitie kitu fulani, na desturi yako inayonikataza kukitaja.

Ulisema kibuyu kile kilikuwa kitu pekee cha mama kilichokuwa hai. Sentensi hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko ile ya mkono, kwa sababu ilikuwa kweli na mimi ndiye niliyekimwaga. Lakini sikiliza. Siku ya posa mlituletea mtindi wake hapa Busale. Mama yangu alibakiza mbegu na hajaiacha ikauke. Iko hai. Ninakutumia chupa moja pamoja na barua hii, kwa yule kijana wa mchele anayekuja Ipinda. Onja. Wewe ulikula mtindi wake miaka yote ya ndoa yenu, hutahitaji kuelezwa na mtu.

Iliyobaki iko chunguni kwa mama yangu, na itakaa hapa mpaka nijue kama mimi ni mkwe wako au mgeni aliyepitisha muda.

Neno lililoleta haya yote nitaliandika mara moja tu, unisamehe au usinisamehe: Sukari. Mzee Sukari.

Mkwe wako,
Tusajigwe

*

Ipinda
Jumapili, 7 Julai 2024

Kwa mkwe wangu Tusajigwe,

Ugonile, mwanangu.

Chupa nimeipata. Nilimimina kwenye bakuli nikakaa nayo uani peke yangu, nikamfukuza Kisa. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Nimekasirika. Nilipokuwa nimekukasirikia wewe nililala vizuri, nikifikiri hasira ipo mahali pake. Sasa silali. Nina mtoto wa kiume niliyempeleka shule ili ajue ukweli wa vitu vidogo visivyoonekana, naye anashindwa kumwambia baba yake ukweli wa kitu kikubwa kama mke wake. Ananiletea ng'ombe! Nilipokata simu siku ile nilikwenda zizini nikamwomba radhi mnyama. Nilipaswa kupanda pikipiki nije Busale. Sikuja, maana nilishatamka mbele ya wageni, na mwanamume wa umri wangu akishatamka anaona haya kumeza.

Nameza sasa. Kauli ile ilikuwa tamu kinywani, ni chungu ikishuka.

Juu ya jina langu. Hosiana hakulitamka jina la baba yangu tangu alipoolewa hadi siku tulipomzika mzee. Pale kaburini desturi inaruhusu, basi akamwita ili amuage. Sauti ilimkwama, Tusajigwe. Alilitamka vibaya, kama jina la mtu wa mbali, kwa sababu ulimi wake haukuwahi kulizoea. Alilia zaidi kwa hilo kuliko kwa kifo. Mimi sitaki wewe uje unitamke hivyo.

Rudi. Lete chungu, na umwambie mama yako Yunis kwamba nitakuja mwenyewe kumshukuru, ndaga, ndaga sana. Ukifika kwangu usimtume Kisa mbele. Usigeukie ukutani. Simama mlangoni upige hodi kwa jina langu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, maana majirani pia walisikia lile la mkono.

Baba yako,
Ambwene, au Sukari, chagua

*

Ipinda
Jumapili, 14 Julai 2024

Lugano wangu,

Nilipiga hodi. Mara ya kwanza sauti ilitoka kama ya kuku aliyekabwa. Baba yako akasema kutoka ndani, "Sijasikia!" Nikaita tena. Akasema, "Bado!" Mzee yule ni mkorofi, sikuwa najua! Mara ya tatu nilipiga ukelele wa "Mzee Sukari, hodi!" mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia, na Kisa akaangua kicheko akakaa chini.

Kibuyu kimepokea mbegu. Leo kimeganda. Baba yako alikula bakuli, akatazama juu, akasema tu, "Ee." Nilimwelewa.

Mimi bado nimekukasirikia. Nakukasirikia nikifagia, nakukasirikia nikipepeta mchele, na nikipanda kitandani nakukasirikia huku nimekumbatia lile shati lako, ambalo sasa halinuki chochote zaidi ya sabuni yangu, na hilo nalo ni kosa lako. Ukija likizo, utachukua tone la kibuyu hiki kama unalihitaji, lakini wawili hao utawachukua pamoja na utawaweka pamoja. Ukijaribu tena kumtenga mmoja eti umwone vizuri, nitakutenga wewe. Na ukirudi Morogoro utatafuta chumba cha watu wawili. Hilo siombi.

Haya, ile niliyokunyima: mkeo. Mkeo, mkeo, mkeo.

Simu nimeiwasha. Piga leo jioni baada ya chai. Nimeiweka mezani, kando ya kiti cha uani, na atakayepokea ni Mzee Sukari. Amesema hana haraka, ana maneno mengi, na ng'ombe naye atakuwepo.

Tusajigwe